Mtutu Ukiziba Porini, Usifyatue

Novemba mwaka jana mfanyakazi mwenzangu alinialika kuwinda swala kwenye shamba la wazazi wake, mwendo wa saa moja hivi kutoka Louisville. Kozi nilikuwa nimemaliza, leseni ninayo, fulana na kofia ya rangi ya chungwa nimevaa. Tulipokuwa tunateremka kilima kuelekea kijito niliteleza nikaanguka, na mdomo wa bunduki ukazama kwenye udongo wa mfinyanzi. Nilipoinuka nikaona mtutu umejaa tope. Nikawaza: si neno, nitapiga moja hewani, risasi itaondoka na tope lake. Mwenzangu aliponiona nainua bunduki alinipigia kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu tufahamiane.

Wazo langu lilikuwa na asili yake. Wengi wetu tuliotoka Kongo au tuliopita Tanzania tunalijua gobori. Gobori hushindiliwa kupitia mdomoni, na mtu akikuta uchafu pale anachokoa kwa ufito wake, anaendelea na safari. Hata hilo hupasuka likizibwa vibaya, lakini nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na rifle ya kisasa. Risasi ya .30-06, inayotumiwa sana na wawindaji wa swala hapa Kentucky, inaweza kujenga mgandamizo wa hadi pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Tairi la gari lako lina kama 32 au 35.

Nguvu hiyo yote ina njia moja ya kutokea, nayo ni mbele. Risasi inakimbia zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Kwa mwendo huo tope laini, au hata theluji, haipati muda wa kusogea. Risasi inaikuta kama imekuta ukuta. Nyuma yake mgandamizo unapanda ghafla na chuma kinavimba pale penye kizuizi, au kinapasuka vipande. Mkono ulioshika mtutu na jicho lililoegemea kitako haviko mbali.

Basi hivi ndivyo mwenzangu alivyonifanyisha, hatua kwa hatua, huku tukiwa tumesimama kwenye matope. Kwanza nielekeze mdomo wa bunduki upande usio na mtu na usio na nyumba, kidole nje kabisa ya triga. Kisha nitoe risasi zote: zilizo kwenye magazini na ile iliyo ndani ya chemba. Baada ya kuangalia kwa macho nikaingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha, kwa sababu macho ya mtu mwenye hofu huona anachotaka kuona. Halafu nikatoa bolti yote, kile chuma cha nyuma unachokivuta kuingiza risasi, nikachungulia kuanzia nyuma kuelekea mdomoni. Kamwe usichungulie kwa kuweka jicho mdomoni, hata kama unaapa kwamba bunduki haina kitu, na usipulize kwa mdomo wako.

Nilichungulia nikaona giza. Yeye alikuwa na ufito wa kusafishia uliokatwa vipande vya kuunganisha, akausukuma kutoka nyuma, na donge la tope likatokea mbele kwa njia fupi. Akamalizia kwa kamba ya kusafishia, ile yenye kipande cha shaba nyeupe au njano kwenye ncha: unaidondosha kupitia chemba, unaivuta itokee mdomoni. Kamba hiyo ni nyepesi na inaingia mfukoni, ila mtutu ukiziba kabisa haipiti, kwa hiyo ufito bado unahitajika. Tulichungulia tena mpaka tukaona duara kamili la mwanga, lisilo na kivuli. Kama huna kifaa chochote, usikate kijiti cha mti. Kitavunjikia ndani, na sasa utakuwa na vizuizi viwili. Siku yako ya kuwinda imeisha, rudi nyumbani.

Bunduki nyingine hazifunguki kwa nyuma namna hiyo. Za marisau za kuvuta kwa mkono, mara nyingi mtutu wenyewe hutoka kwa kufungua kifuniko cha mbele. Jifunze kuutoa ukiwa nyumbani, mezani.

Ndugu zetu wa Buffalo hamhitaji hata kuanguka. Msimu wa bunduki upande wenu huanza Jumamosi ya tatu ya Novemba, wakati theluji ya Ziwa Erie nayo inaanza. Bunduki ikigusa tu rundo la theluji imekwisha kuziba. Hatari nyingine haionekani: ukiiingiza ndani ya gari lenye joto, unyevu unatengeneza maji kwenye chuma kilichopoa, na maji hayo yakirudi kwenye baridi huwa barafu. Wawindaji wengi huweka kipande kimoja cha utepe mwembamba juu ya mdomo wa rifle. Hewa inayotangulia risasi hukiondoa. Lakini usitie kitambaa wala kizibo ndani ya mtutu.

Columbus mambo ni tofauti kidogo. Ohio hairuhusu rifle kama hiyo ya .30-06 kwa swala, kwa hiyo wengi hutumia bunduki ya marisau ya geji 12 yenye risasi moja kubwa. Hapo jihadharini na kuchanganya risasi mfukoni. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 huteleza mpaka mbele ya chemba na kukwama. Wewe unaona chemba tupu, unaweka ya geji 12, unafyatua. Ndiyo maana zile za geji 20 zinazotengenezwa Marekani huwa za njano.

Na popote ulipo: ukifyatua ukasikia mlio hafifu, "pu" badala ya kishindo, na bega halikusukumwa, acha hapo hapo. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu. Elekeza mdomo pasipo na mtu kwa muda wa dakika moja, toa risasi zilizobaki, chungulia kutoka nyuma. Ikiwa imekwama, usiigonge. Mpelekee fundi wa bunduki.

Jambo moja la sheria. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye green card hawakatazwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki ya kuwindia, lakini kosa la bunduki linaweza kukuondoa nchini. Kama bado unaomba hifadhi, usiiguse kabla ya kuongea na mwanasheria.

Kozi ya usalama wa wawindaji hutolewa na idara ya wanyamapori ya kila jimbo. Siku ya mazoezi mwombe mwalimu akuache utoe bolti kwa mikono yako mwenyewe. Mimi swali la mtutu ulioziba nililijibu sawa kwenye mtihani, na bado pale kilimani niliinua bunduki.