Kibanja Mbele ya Hakimu: Lugha, Haki na Kazi ya Wasaidizi wa Kisheria katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sheria nchini Tanzania umeelemea zaidi upande mmoja: upinzani kati ya Kiswahili na Kiingereza. Ushindi wa Kiswahili katika upinzani huo ulitiwa muhuri mwaka 2021, Bunge lilipopitisha sheria iliyokifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, huku Kiingereza kikibakizwa kwa mazingira maalumu. Hatua hiyo ni kubwa na ilistahili kushangiliwa. Hata hivyo, shangwe hizo zimefunika swali jingine, nalo ni hili: Je, yule ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, tena aliyojifunza sokoni na kanisani tu, husimamaje mbele ya hakimu?

Makala hii inalitazama swali hilo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012 Kyerwa ilipotengwa. Wenyeji wake ni Wanyambo, wasemaji wa Kinyambo (Runyambo, kama wanavyoiita wenyewe), lugha iliyo jirani sana na Kihaya na Kinyankore. Hoja yetu ni kwamba mtu anayeziba pengo kati ya mwenyeji na mahakama si wakili wala mkalimani rasmi. Ni msaidizi wa kisheria wa kijijini, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kazi ya lugha, ijapokuwa sheria haiitaji hivyo.

Tunatumia neno "wenyeji" kwa makusudi. Kanada, ambako tangu miaka ya 1960 kumekuwa na wafanyakazi maalumu wa kuwasindikiza mahakamani watu wa mataifa ya asili, mstari kati ya mwenyeji na mgeni uko wazi kihistoria. Serikali ya Tanzania haikubali mgawanyo wa namna hiyo. Kwake Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji. Hatukusudii kuufufua mgawanyo huo hapa. Lakini hali ya kuhukumiwa kwa lugha na taratibu zilizotoka nje ya jamii yako haihitaji mkoloni mweupe ili iwepo.

2.0 Njia ya shauri

Karagwe ilikuwa dola yenye mahakama yake muda mrefu kabla ya Wajerumani. Speke na Grant walipofika katika makao ya Omukama Rumanyika mwaka 1861, walimkuta mtawala aliyekuwa akipokea wageni na kuamua mambo ya watu wake. Waingereza baadaye waliiweka Karagwe chini ya utawala wa Bukoba, na mila za eneo hilo ziliandikwa kwa jina la Wahaya: kitabu cha Cory na Hartnoll cha mwaka 1945 ndicho kilichokuja kuwa rejea ya mahakimu. Yeyote aliyetaka kujua mila ya Bukoba alikifungua. Mila iliyokuwa ikisemwa ikawa mila iliyochapwa, na iliyochapwa haikuwa ya Kinyambo.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Katika mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mahakama za mahakimu, na mahakama za wenyeji zikatoweka. Mahali pake pakasimama mahakama ya mwanzo, na lugha yake ikawa Kiswahili. Kwa muda mrefu hakimu wa mahakama hiyo aliketi pamoja na wazee washauri, na wazee hao walikuwa kamusi hai: walipolisikia neno la mila walilieleza hata bila kuombwa. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa kidogo, kwa mahakama zile zinazoongozwa na hakimu mkazi.

Migogoro ya ardhi, ambayo ndiyo mingi, ilipewa njia yake. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na sheria ya mwaka 2002 ikayapa nafasi ya kusikiliza mashauri ya ardhi yenye thamani ndogo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mamlaka ya kuamua na kuyabakishia usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, mdai hupanda hadi baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na kutoka huko ni Mahakama Kuu, Bukoba. Toka Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hadi Bukoba kwa njia ya Kyaka ni zaidi ya kilomita 100. Mtu wa Murongo, mpakani na Uganda, ana mwendo mrefu zaidi. Ieleweke basi kwamba kila ngazi anayopanda mdai humtoa mbali zaidi na watu wanaoyaelewa maneno yake.

3.0 Maneno yanayopotea njiani

Tuanze na neno lenyewe. Msemaji wa Kiswahili wa kwingineko, akisikia "kibanja", huwaza kiwanja kidogo, pengine cha kujenga kibanda. Kwa Mnyambo, ekibanja ni makazi na uhai kwa pamoja: ni nyumba, migomba inayoizunguka, mibuni chini ya migomba, maharage kati yake, na aghalabu makaburi ya wazee waliokipanda. Kinatofautiana na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo wazi, ambayo mtu hukata nyasi za kutandaza shambani bila kudai kuwa ni yake. Mjane anaposema "wamechukua kibanja changu", karani huweza kuandika "wamechukua kiwanja changu". Kosa ni la herufi chache tu. Lakini kiwanja hulipwa fidia na mambo yakaisha. Kibanja chenye makaburi hakina bei, na mwenye kukidai hadai eneo bali nafasi yake katika ukoo. Tena historia ya nyarubanja, umiliki wa kimwinyi uliowafanya wakulima kuwa wapangaji wa mabwana hadi ulipofutwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968, imeliachia neno hilo uzito ambao hakimu aliyetoka Lindi au Singida hana sababu ya kuujua.

Mfano wa pili ni wa kisarufi, na kwa maoni yetu ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauonekani. Kinyambo, kama lugha nyingine za kundi lake, huugawa wakati uliopita kwa umbali: lililotendeka leo, lililotendeka jana au karibuni, na lililotendeka zamani, kila moja lina umbo lake. Umbo la zamani hubebwa na mofimu -ka-. Kwa hiyo akagura ni "alinunua, zamani". Kiswahili nacho kina -ka-, ila kazi yake ni nyingine kabisa: hufuatanisha matukio, moja baada ya jingine. Mzee anayefikiri kwa Kinyambo na kusema kwa Kiswahili huweza kuanza ushahidi wake hivi: "Baba akanunua shamba." Yeye amekwisha kutaja wakati. Hakimu anasikia sentensi isiyo na kichwa na kuuliza, "Baada ya nini?" Mzee hashiki swali, hakimu naye huandika kwamba shahidi hakuweza kueleza lini.

Hapo ndipo sarufi inapogusa haki. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Umbali wa tukio ndio unaoamua iwapo shauri litasikilizwa au litatupwa, na umbali huo mzee aliusema vizuri kabisa, ila katika silabi ambayo lugha ya mahakama huisikia kwa maana nyingine.

Mfano wa tatu unahusu jinai. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, mahakama za Afrika Mashariki zinafuata kanuni iliyo wazi: shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, akikiri, maneno yake yaandikwe karibu na alivyoyatamka, kisha maelezo ya kosa yasomwe naye apewe nafasi ya kuyakana. Kanuni ni nzuri. Lakini "ndiyo" ya mtu aliyelelewa kumwitikia mkubwa si lazima iwe kukiri. Huweza kuwa na maana ya "nimekusikia, bwana", au "ninakubali kwamba umesema". Mshtakiwa wa namna hiyo huitikia shtaka lote kwa adabu, na huondoka na kifungo. Rufaa za aina hii hufaulu pale tu anapopatikana mtu wa kuziandika.

4.0 Msaidizi wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwapa hadhi watu waliokuwa wakifanya kazi hii kwa kujitolea tangu zamani. Msaidizi wa kisheria si mwanasheria. Amepata mafunzo maalumu, hutoa elimu na ushauri, humwelekeza mtu kwenye chombo kinachostahili, na hatakiwi kudai malipo. Haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Katika Karagwe zipo asasi zinazofanya kazi hii, WOMEDA mojawapo, hasa kwa wanawake wanaokabili ukatili wa nyumbani na kunyang'anywa mali.

Tuchukue mfano wa mjane ambaye shemeji zake wanataka kumtoa katika kibanja. Sheria iko upande wake kuliko anavyodhani. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka papa hapa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua mwaka 1990 kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilipingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haitakuwa na nguvu. Yote hayo yameandikwa. Mjane hayajui, na hata akisomewa, maneno "umiliki", "usimamizi wa mirathi" na "mamlaka ya kusikiliza shauri" hayana umbo katika maisha yake.

Msaidizi huketi naye, kwa Kinyambo. Humwuliza mume alikipata wapi kibanja, nani alipanda mibuni, nani aliitwa kuonyeshwa mipaka. Ndipo huyageuza majibu kuwa maelezo ya Kiswahili ambayo baraza litayapokea. Anaposikia akagura huuliza: kabla ya vita vya Kagera au baada yake? Kwa wakazi wa eneo hili vita vya mwaka 1978 na 1979 ni kalenda ya uhakika kuliko tarehe yoyote. Hii ni tafsiri, tena tafsiri ya kiwango cha juu. Lakini hakuna mtaala wa ukalimani uliomfundisha, na kazi yake hukoma kwenye mlango wa chumba cha mahakama. Mle ndani, mkalimani huweza kuwa karani au yeyote aliyeko karibu anayejua lugha zote mbili.

Kwa upande huu mfanyakazi wa mahakama wa Kanada amepewa nafasi pana zaidi: huingia ndani na kuieleza mahakama mazingira ya mshtakiwa. Nasi hatuoni sababu ya msingi ya kumzuia msaidizi wetu asikae karibu na mteja wake na kusema, "Mheshimiwa, neno hilo kwa Kinyambo halina maana hiyo." Hiyo si uwakili. Ndiyo kazi waliyoifanya wazee washauri.

Redio haiwezi kuchukua nafasi yake. Vituo vya jamii kama FADECO cha Kayanga vimefanya kazi kubwa ya kueleza haki za raia, lakini kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 huziona lugha za jamii kuwa hazina; hazina hiyo, hata hivyo, haina kibali cha kupita hewani. Isitoshe, msamiati haukosekani: kazi za Rugemalira juu ya Kinyambo, ikiwamo kamusi yake ya mwaka 2002 inayokilinganisha na Kiswahili na Kiingereza, zimekwisha kuweka msingi ambao faharasa ya maneno ya ardhi, mirathi na jinai ingeweza kujengwa juu yake katika muda mfupi.

5.0 Uraia mpakani

Lipo eneo moja ambalo lugha yenyewe hugeuka kuwa ushahidi. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa waliotakiwa kuthibitisha uraia wao walikuwamo watu waliozaliwa hapa na wasio na karatasi. Mpaka na Rwanda ni Mto Kagera. Lugha haikatwi na mto. Mfugaji wa Kyerwa anayesema kwa lafudhi ya Kinyankore, au ambaye bibi yake alitoka ng'ambo, huweza kutiliwa shaka kwa sauti yake kabla ya kuulizwa alizaliwa wapi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haitaji lafudhi popote. Mtu wa namna hii anahitaji mashahidi wa kijiji, kumbukumbu za ubatizo au za shule, na barua ya mtendaji, navyo anavihitaji kabla ya kufikishwa popote. Kuvikusanya huchukua siku nyingi za kwenda kwa miguu kutoka ofisi hadi ofisi, na anayezimaliza siku hizo pamoja naye, bila malipo, ni msaidizi wa kisheria wa kata yake.