Matabaka ya Itifaki: Somo kutoka Bandari ya Tanga

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizofika Tanga zilitia nanga mbali na gati, kwa kuwa kina cha maji kilikuwa kidogo. Marobota ya katani kutoka Muheza na Korogwe yalipakiwa kwanza katika matishali, kisha yakapelekwa melini. Kazi ya kuongeza kina ilianza mwaka 2019. Siku hizi kinafikia mita 13, na meli huweza kufunga gatini. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakumlazimu mwenye shamba kubadili namna ya kufunga robota lake.

Kanuni hiyo ndiyo inayowaongoza watungaji wa programu za mawasiliano ya kompyuta. Mapatano ya namna kompyuta zinavyowasiliana huitwa itifaki, nazo hupangwa kwa matabaka. Tabaka la juu hushughulikia ujumbe wenyewe. La pili, TCP, huhakikisha kwamba vipande vyote vimefika kwa utaratibu. La tatu, IP, huvielekeza kwa kufuata anwani. La chini hupitisha ishara katika waya, redio au nyuzi za kioo. Kila tabaka hupokea mzigo kutoka juu, huubandika lebo yake, na kuukabidhi chini bila kuufungua.

Utengano huu haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walieleza itifaki moja iliyobeba kazi ya TCP na ya IP pamoja. Lakini katika mazungumzo ya sauti, silabi iliyopotea haina faida ikiletwa tena kwa kuchelewa. Kuisubiri hukatiza maneno yanayofuata. Kwa hiyo mwaka 1978 itifaki hiyo iligawanywa kuwa mbili, na mwaka 1980 ikatangazwa UDP, ambayo hutumia IP ile ile bila kurudisha kilichopotea.

Atungaye maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa programu zilizo tayari kutumiwa na programu nyingine, hulifanya kila tabaka kuwa moduli yenye milango michache: wa kupeleka na wa kupokea. Faida yake ilidhihirika mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Mawasiliano mengi yaliyokuwa yakipitia setilaiti yalihamia baharini, wala programu za barua pepe hazikuhitaji kuandikwa upya.

Utengano huu una gharama pia. Lebo za TCP na IP ya toleo la 4 huchukua baiti 40 au zaidi, hata mzigo ukiwa herufi moja. Tena, kupitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ujumbe na jibu lake huchukua takriban nusu sekunde. TCP, isiyojua kilicho chini yake, huanza kupeleka polepole na kuongeza mwendo kila jibu linapofika. Mtungaji stadi hupima basi ni habari gani ipite mlangoni na ipi ibaki ndani. Mwanafunzi naye akokotoe: herufi moja ikipelekwa peke yake, ni sehemu gani ya mzigo wote iliyo lebo tupu?