Siki, Mvuke na Brashi: Kutia Rangi Mitandio ya Hariri Nyumbani

Mtu aliyezoea kutengeneza batiki za pamba, kazi ambayo vikundi vingi vya wanawake nchini Tanzania huifanya uani kwa nta, ndoo na kostiki soda, akitumbukiza mtandio wa hariri katika dawa ileile ataukuta umechakaa kabla haujavaliwa, na sababu iko katika asili ya nyuzi zenyewe. Pamba ni zao la mmea, na nyuzi zake ni selulosi. Hariri ni protini iitwayo fibroini, inayotemwa na kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Bombyx mori, mla majani ya mforosadi anayejizungushia kifukofuko cha uzi mmoja wenye urefu wa mamia ya mita. Kwa hiyo hariri iko karibu zaidi na sufu na nywele kuliko pamba, na kama ilivyo kwa nywele, huvumilia asidi dhaifu lakini huliwa na alkali, yaani kemikali za jamii ya magadi. Anayetaka kuitia rangi jikoni kwake hana budi kuacha kostiki soda na kushika chupa ya siki.

Rangi zinazoifaa zaidi huitwa rangi za asidi, jina lisilopaswa kumtisha mtu, kwa kuwa asidi inayohitajika ni ile iliyomo katika siki ya kawaida. Maji yakiwa na asidi kidogo, sehemu fulani za protini ya hariri hupata chaji chanya, na kwa kuwa chembe za rangi hizo zina chaji hasi, vitu hivyo viwili huvutana na kushikamana, huku joto likilegeza nyuzi ili rangi ipenye hadi ndani. Anayetaka mtandio wa rangi moja huuloweka kwanza katika maji ya vuguvugu, kisha huutia katika sufuria yenye rangi na siki, akapandisha joto polepole hadi nyuzi 85 hivi bila kuyaacha maji yatokote, maana mtokoto mkali huondoa mng'ao. Kazi ikienda vizuri maji yenyewe hutoa taarifa: yaliyokuwa mekundu au ya bluu iliyokoza huanza kutakata, kwa kuwa rangi inahama kutoka majini kwenda kwenye kitambaa. Sufuria hiyo haifai tena kupikia chakula, na rangi ya unga hupimwa pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Rangi za viwandani zenyewe zilianzia katika maabara ndogo ya nyumbani. Mwaka 1856, mjini London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Badala ya dawa akapata masalia meusi ambayo, yalipoyeyushwa katika spiriti, yalitoa rangi ya zambarau. Kitambaa alichokijaribia kilikuwa cha hariri, na rangi ikakataa kutoka kilipofuliwa.

Kabla ya kununua rangi ni vyema kuhakikisha kitambaa, kwa sababu vingi vinavyong'aa na kuuzwa kwa jina la hariri ni poliesta, ambayo rangi za asidi haziishiki. Uzi mmoja uliochomolewa pindoni na kuchomwa hutosha kuondoa shaka: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kijidonge kigumu. Uzito wa hariri hupimwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho mome, ambapo mome 1 ni takriban gramu 4.3 kwa mita ya mraba, hivyo mtandio wa mome 8 wenye sentimita 90 kila upande hauzidi gramu 30. Uzito huo unamfaa anayeanza, maana hariri nzito hunywa rangi nyingi na kuchelewa kuionyesha upande wa pili.

Kuchora kwa brashi ni kazi ya namna nyingine. Mtandio uliofuliwa kwa sabuni laini hutandazwa juu ya fremu ya mbao na kubanwa kwa pini pande zote mpaka ukaze, usiguse meza, kwa kuwa rangi ikigusa meza hutapakaa chini kwa chini. Kisha mistari ya mchoro hufuatwa kwa gata, kimiminika kizito kinachozuia rangi isivuke, ambacho asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ya siku hizi ya kuyeyushwa kwa maji ndiyo inayofaa nyumbani, kwa kuwa haina harufu kali na hutoka kwa kufuliwa. Mafundi wa Kyoto, Japani, wamekuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 17 kwa uji mzito wa mchele, katika mtindo unaobeba jina la mchoraji wa vipepeo vya mkononi, Miyazaki Yuzen. Ugumu wote uko katika mstari huo, kwani ukiacha upenyo usiozidi ncha ya sindano, au kiputo cha hewa kikipasuka katikati yake, rangi ya jani itaingia katika ua; kwa hiyo fundi mwangalifu hugeuza fremu na kukagua upande wa chini, aone kama gata imepenya. Brashi yenyewe haiburutwi hadi mpakani: hugusa katikati ya umbo, rangi ikakimbia peke yake hadi kwenye mstari na kusimama. Anayerudia mahali palipoanza kukauka hujiletea alama nyeusi ya duara, kwa sababu unyevu mpya husukuma rangi ya zamani pembeni na kuirundika hapo.

Wengi huanza na maua yaliyozungushiwa gata, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ingawa chumvi ya mawe ingewapa matokeo mazuri zaidi kwa ustadi mdogo zaidi. Chembe zake zikinyunyizwa juu ya rangi mbichi huvuta unyevu pamoja na rangi, zikaacha michirizi na nyota ambazo hakuna mkono ungeweza kuzichora.

Rangi iliyokauka bado haijakamatwa, na ikifuliwa hivyo hivyo itachuja. Mtandio huviringishwa katika karatasi isiyochapishwa, usijigusane popote, ukafungwa na kuwekwa juu ya kichanja ndani ya chungu kirefu chenye maji kidogo, ukapewa mvuke kwa saa 1 hadi 3 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji wa rangi. Adui wa hatua hii ni tone la maji linalodondoka kutoka kwenye mfuniko, ambalo likipenya karatasi huacha doa lisilofutika. Ndiyo maana taulo hutandikwa chini ya mfuniko. Zipo pia rangi za kukazwa kwa pasi tu, lakini hizo hukaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani, na kitambaa hupoteza ulaini ambao mtu alinunulia hariri. Baada ya mvuke mtandio husuuzwa kwa maji baridi hadi yatoke meupe, kijiko cha siki kikiongezwa katika maji ya mwisho, kisha huanikwa kivulini na kupigwa pasi ungali na unyevunyevu, kwa upande wa ndani.