Kabla ya kubisha hodi kwa jamaa ya wakimbizi

Vita vya Kamuina Nsapu vilivyoanza Kasai mwaka 2016 vilikimbiza watu zaidi ya milioni moja. Wengine walivuka kwenda Angola, wengine walifika kwetu Lualaba. Vikundi vyetu vinawapelekea unga, nguo na sabuni. Ni vema. Lakini mama anayejitolea atayarishe kinywa chake kwanza, ndipo ajaze kikapu.

Tukumbuke yaliyotokea hapa. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi. Jamaa nyingi zililala kwenye vituo vya gari la moshi zikingojea treni, na watoto walifia pale. Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Bibi aliyeitwa hivyo hajasahau. Basi neno hilo lisisikike kwetu hata kwa mchezo, na mtoto wetu akilitamka tumkanye palepale.

Tujifunze maneno machache. Tukiingia tuseme "Moyo!", ndiyo salamu ya Tshiluba. Tujue pia kwamba katika Tshiluba "baba" ni mama. Mtoto akilia "baba, baba", tusimpeleke kwa mwanaume, anamtafuta aliyemzaa.

Tuulize kabla ya kutoa. Sisi tumezoea bukari ya mahindi. Wao huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Tumpe mama unga, apike mwenyewe mbele ya watoto wake, heshima yake ibaki. Tusimwombe asimulie vita, wala tusimwulize atarudi lini. Tuseme tu: "Mama, tuanze na nini?"

Halafu shule. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu 2019, basi tumsindikize mzazi kumwandikisha mtoto. Sisi walimu tunajua: Kasai mtoto huanza kusoma kwa Tshiluba, huku kwetu kwa Kiswahili. Akinyamaza darasani, si mjinga, hajasikia swali. Watoto wetu wacheze naye, Kiswahili kitakuja upesi.

Kila kikundi kichague mama mmoja anayejua Tshiluba, Kolwezi hawakosi. Twende wawili wawili, si kundi zima, na ziara ya kwanza iwe fupi. Yule mama akitusindikiza hadi njiani, tujue tumekaribishwa kurudi.