Mwanafunzi wa Uuguzi Anapofika Kitandani Kwako

Mwezi uliopita nilimwandikia mzee mmoja wa kijijini kwetu barua ya rufaa kwenda KCMC, Moshi. Ana kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimeanza kunuka. Barua aliipokea, lakini hakuondoka. Nilipomwuliza sababu alinijibu: "Daktari, nasikia huko mgonjwa hushikwa na watoto wa shule. Mimi si daftari la kujifunzia."

Nikamwambia, "Meku, usinikasirikie. Hata mimi nilijifunza kwa wagonjwa." Tukakaa kwenye benchi la zahanati tukaongea. Niliyomweleza nawaeleza na ninyi, maana kidonda cha kisukari hakingoji. Ukikichelewesha, mguu huweza kukatwa.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga na kwingineko. Pia ni hospitali ya kufundishia. Madaktari na wauguzi husomea hapo. Huku mlimani nako kuna shule za wauguzi katika hospitali za Machame, Kibosho na Huruma huko Rombo. Kwa hiyo vijana hawa hutawakuta mjini tu.

Mwanafunzi haanzi na mgonjwa. Huanza darasani, kisha chumba cha mazoezi, ambako husafisha na kufunga vidonda vya sanamu ya mtu. Akipelekwa wodini, kwanza hutazama. Baadaye hufanya kazi mwenyewe, muuguzi mzoefu akiwa amesimama pembeni. Kila kazi ina nafasi yake katika daftari lake, na muuguzi huyo hutia sahihi akiridhika. Hata akimaliza masomo, hawezi kufanya kazi mpaka asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni.

Huyo anayesimama pembeni ndiye shule yenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, katika hospitali moja, nilitumwa asubuhi kupima wagonjwa. Joto nilipima, mapigo ya moyo nilipima. Kuhesabu pumzi niliona kunachosha, kwani kunataka dakika nzima kwa kila mtu. Nikaandika 20 kwa wote. Sista wa wodi alitazama karatasi akaniuliza, "Hawa wote wanapumua sawasawa kama askari wa gwaride?" Hakunitukana. Alinishika mkono hadi kitanda cha mama mmoja, akanipa saa yake, tukahesabu pamoja. Zilikuwa 36. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Daktari aliitwa, mama akaonekana ana nimonia, akatibiwa, akapona. Mpaka leo akiletwa mtoto mwenye kikohozi nahesabu dakika nzima, hata kama foleni imefika nje.

Lakini sista mmoja mwenye wodi iliyojaa hawezi kusimama pembeni ya wanafunzi kumi. Kwa maoni yangu, shule isipeleke wodini vijana wengi kuliko wasimamizi waliopo.

Mgonjwa naye ana haki zake. Mwulize mwanafunzi jina lake, yuko mwaka wa ngapi, na nani anamsimamia. Ukiogopa sindano yake, sema, "Mwanangu, mwite msimamizi wako kwanza." Huo si utovu wa adabu. Unaweza hata kukataa, na matibabu yako hayapaswi kupungua kwa sababu hiyo. Ukimkubali, unamfundisha mtu ambaye kesho huenda akapangiwa zahanati ya kijijini kwenu, mahali ambapo usiku hakuna sista wa kumwita.

Mzee wangu aliondoka Jumatatu kwa Hiace ya alfajiri. Nilimkumbusha jambo moja, nanyi lishikeni: pamoja na barua ya rufaa, beba kadi ya kliniki na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Mwanafunzi akikuuliza unakunywa dawa gani, mwonyeshe pakiti zenyewe. Usimwambie "vile vidonge vyeupe", kwa sababu vyeupe ni vingi.