Shajara na Historia ya Siasa (Sehemu ya Pili): Fitina ya Oktoba 1859

Na Mchangiaji Wetu, Mpendae, Unguja

Katika sehemu ya kwanza tulimtazama Samuel Pepys, ofisa wa mambo ya manowari wa Uingereza, ambaye tangu Januari 1660 hadi Mei 1669 aliandika kwa hati ya mkato yale aliyoyaona na kuyasikia London: kurudi kwa mfalme, tauni, moto mkubwa na minong'ono ya wakubwa. Pepys alikuwa na upande wake na maslahi yake, kwa hiyo hatumwamini kwa sababu ya uadilifu. Tunamhitaji kwa sababu alipoandika ya leo hakuyajua ya kesho. Hoja hiyo tuipime sasa hapa kwetu, kwa fitina iliyoupasua ukoo wa Busaidi mwezi wa Oktoba 1859.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifariki baharini mwaka 1856, Oman ikabaki kwa mwanawe Thuwaini na Unguja kwa Majid. Mapema mwaka 1859 Thuwaini alituma jeshi kwa merikebu kuja kuitwaa Unguja, Waingereza wakalirudisha njiani. Miezi michache baadaye akainuka ndugu mwingine, Barghash. Nyumba yake ya mjini ilikuwa imezingirwa na askari wa Majid, naye akatoka kwa kujitanda nguo za kike katikati ya msafara wa wanawake, akaenda kujiimarisha katika shamba la Marseille. Majid alimshambulia huko kwa msaada wa Waingereza. Barghash alirudi mjini kwa siri, akasalimu amri, akahamishiwa Bombay.

Aliyetusimulia mambo haya kutoka ndani ni dada yao, Sayyida Salme. Wakati huo alikuwa na miaka 15, naye alijifunza kuandika peke yake, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa ujuzi huo wenziwe wa upande wa Barghash wakamfanya karani wa njama, na barua zao zikapita mkononi mwake. Hakuna balozi aliyefika karibu kiasi hicho. Lakini kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1886, miaka 27 baada ya tukio. Katikati hapo alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, Barghash amekalia kiti mwaka 1870, na dada na kaka wamekosana hata haki yake ya urithi ikakataliwa. Majuto yake kwa kumwasi Majid na uchungu wake kwa Barghash ni vya kweli, lakini ni vya mtu mzima anayejua mwisho wa hadithi. Kipi alikihisi msichana wa miaka 15, na kipi aliongeza mama wa makamo? Kitabu peke yake hakiwezi kutujibu.

Hapo ndipo shajara inapoingia. Christopher Rigby, balozi wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1858, aliweka shajara, na sehemu zake zilichapishwa na binti yake mwaka 1935. Kwa Rigby wa 1859, Barghash ni mwasi tu. Hajui kwamba mtu huyo atakuja kutawala, atatia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, na atajenga Beit al-Ajaib. Sisi tunaoyajua hayo huisoma fitina ile kama ngazi ya kwanza ya mfalme mkubwa. Maandishi ya siku ile yanatuonyesha mji ambao haukujua asubuhi utaamka chini ya nani, na balozi aliyeshuku mkono wa Wafaransa nyuma ya kila jambo.

Mtu atasema: Rigby hakuwa shahidi, alikuwa mchezaji. Ni kweli. Lakini shaka yake juu ya Wafaransa, iwe sahihi au si sahihi, ilikuwa sehemu ya siasa, kwa kuwa aliamua mambo kwa kuifuata. Isitoshe, barua rasmi aliziandika kwa serikali ya Bombay, kwa wakubwa waliompima kazi yake. Shajara haikuwa na msomaji huyo. Tukiziweka pamoja, pengo lililo baina yake linatufundisha kuliko moja peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: shajara nyingi tulizo nazo ni za wageni wenye nguvu. Richard Waters, balozi wa kwanza wa Marekani hapa (1837–1845), alisikitikia utumwa katika shajara yake huku akifanya biashara kwa kushirikiana na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha. Wenyeji nao waliandika. Zahir bin Said, karani wa Barghash, aliandika kwa Kiarabu safari ya bwana wake ya Ulaya ya 1875. Lakini watumwa na wakulima waliokuwa kandokando ya Marseille risasi zilipolia hawakuacha daftari. Upungufu huo hauzibwi na shajara nyingine ya mkubwa. Lazima utafutwe katika kumbukumbu za mahakama, hati za wakfu na masimulizi ya wazee.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kumbukumbu za uzeeni tuziulize maana ya tukio na siri zake za ndani, shajara tuiulize watu walijua nini, walihofu nini na walitarajia nini siku ileile. Jambo hili linatuhusu sana. Mengi tunayosoma juu ya chaguzi za 1957 hadi 1963 na Mapinduzi ya 1964 yaliandikwa baadaye, na washindi na walioshindwa, wote wakishajua mwisho. Daftari la mwalimu, la karani wa bandarini au la mwanachama wa tawi, lililoandikwa siku zile, lina uzito ambao hakuna kitabu cha baadaye kinachoweza kuufikia. Mwenye daftari la namna hiyo nyumbani, Mpendae au kwengineko, asilichome wala asilifungie maandazi. Alipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, lihifadhiwe na lisomwe.

Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kuipima shajara moja kwa nyingine zinapopingana.