Anga Pana Kuliko Zote: Rekodi za Mbinguni za Kumwonyesha Mtoto

Mtoto mwenye anga kubwa kuliko watoto wote duniani anaishi Nanyuki. Au Kisumu, au Entebbe, au Mbandaka kule Kongo. Popote mstari wa ikweta unapopita. Mtoto wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na wa Cape Town hawezi kuiona Nyota ya Kaskazini. Kwenye ikweta hakuna nyota inayofichika mwaka mzima. Jioni za Mei mtoto akielekea kusini anauona Msalaba, na akigeuka kaskazini anazikuta nyota saba za Dubu Mkubwa. Mombasa na Dar es Salaam nazo hazijapungukiwa sana na neema hiyo.

Nalitanguliza hili kwa sababu vitabu vingi vya picha tunavyowasomea watoto wetu vimechorwa na watu wa kaskazini, na mwezi mchanga wa kaskazini husimama wima. Wetu hulala chali kama mashua. Tukimwambia mtoto kwamba Mwenyezi Mungu aliuumba mwezi, halafu tukamwonyesha mwezi wa kwa watu, tumemnyima ushahidi alio nao juu ya paa la nyumba yao. Atolewe nje kwanza. Kitabu kitafuata.

Hata somo la nyota lililo maarufu kuliko yote lilifanyika nje. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, Mungu anamtoa Abramu nje usiku na kumwambia azihesabu nyota, kama anaweza. Katika Qurani, Surat Al-An'am, Nabii Ibrahim anaitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kinapotua anatambua kuwa kinachozama hakiwezi kuwa Mola. Mzee ni yuleyule, na mbingu ni zilezile. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule ya Jumapili wanaweza kulifundisha somo hilo bila kifaa chochote, mradi wawe tayari kukaa na watoto uani baada ya magharibi. Mtoto wa miaka minne au mitano hana haja na kilomita. Anahitaji kuona nyota ikitua nyuma ya mnazi wa jirani, kisha aulizwe imekwenda wapi.

Tuanze na jirani wa karibu kuliko wote, mwezi. Uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, tarakimu ambayo haimwambii mtoto kitu. Chukua mpira wa miguu uwe dunia, na ndimu ndogo iwe mwezi. Mwambie mtoto aiweke ndimu mahali anapodhani ndipo mwezi ulipo. Karibu wote huiweka ubavuni mwa mpira, maana ndivyo michoro ya vitabu inavyoonyesha. Umbali wa haki ni mita sita na nusu hivi, ng'ambo ya uwanja wa nyumba. Kati ya dunia na mwezi zingepangwa dunia 30 zikigusana.

Mwezi una maajabu mengine yanayofaa umri huo. Ndio unaong'aa kuliko vyote usiku, na bado ni jiwe jeusi: hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea kutoka kwenye jua. Washa tochi chumbani gizani, umulike jiwe la kijivu, na mtoto atakuwa ameelewa kwa nini mwezi hauna taa yake. Shimo lake kubwa kuliko yote, lililo upande ambao hatuuoni kutoka huku, lina upana wa kilomita zipatazo 2,500. Lingechimbwa kuanzia Dar es Salaam kuelekea magharibi, lingekaribia kufika Kinshasa.

Baada ya mwezi, kinachong'aa zaidi ni Zuhura, ile tunayoiita nyota ya alfajiri ingawa ni sayari. Nyota halisi inayong'aa kuliko zote usiku ni Sirius, na ya pili yake ni Suheli, iliyowaongoza manahodha wa pwani yetu. Jioni za Februari zote mbili zipo juu, Suheli upande wa kusini, na mtoto wa Lamu au Kilwa anaweza kuzionyesha kwa kidole. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua ni Proxima Centauri, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg. Haionekani kwa macho matupu. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kutufikia.

Lakini kama ningeruhusiwa kumfundisha mtoto kundi moja tu la nyota, ningechagua Kilimia. Wakulima wetu walilitazama kundi hilo kujua majira ya kulima kabla ya kalenda yoyote ya ukutani, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version inalitaja kwa jina hilohilo katika Ayubu na Amosi. Kwa hiyo mtoto anapoambiwa kwamba Mungu alimuuliza Ayubu kuhusu Kilimia, hajaulizwa habari za ughaibuni. Bibi yake analijua. Mpeni kazi ya kuhesabu: wengi huona nyota sita, wenye macho makali huona saba au zaidi, na darubini huonyesha kwamba kundi lina nyota zaidi ya 1,000. Hapo mtoto anajifunza kwa macho yake mwenyewe kwamba alichokiona si chote kilichoumbwa.

Nyota kongwe nayo ina jina ambalo watoto wa shule ya Jumapili watalifurahia. Wataalamu wa falaki huiandika HD 140283, lakini wameipa lakabu ya Methusela, yule aliyeishi miaka 969 katika Mwanzo. Umri wake unakadiriwa kupita miaka bilioni 12. Najua wapo wazazi wanaosita mbele ya tarakimu kama hiyo. Mimi sioni sababu ya kumficha mtoto. Muumba asiye na mwanzo hapungukiwi kitu kwa nyota kuwa nzee.

Kitu cha mbali kuliko vyote ambacho wengi wetu wanaweza kukiona bila darubini ni galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umetembea miaka milioni 2.5. Mwanachuoni Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliielezea kama wingu dogo katika kitabu chake cha nyota mwaka 964. Jioni za Novemba, mahali pasipo taa za umeme, itafute upande wa kaskazini.

Sasa kuhesabu. Penye giza zuri jicho huona nyota elfu mbili au tatu kwa wakati mmoja. Njia ya Maziwa ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Mtu akihesabu moja kila sekunde bila kula wala kulala, hiyo bilioni 100 peke yake itamchukua zaidi ya miaka 3,000. Kisha msimulieni mtoto Zaburi ya 147, isemayo kwamba Mungu anajua hesabu ya nyota na ameipa kila moja jina. Nimewaona watoto wakinyamaza hapo, na sijui hoja nyingine inayomfikia mtoto upesi hivyo.

Kisha wapo waliokwenda huko juu wenyewe. Watu wa kwanza kuuzunguka mwezi walikuwa Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders, katika Apollo 8. Mkesha wa Krismasi mwaka 1968, wakiwa huko, walisoma kwa zamu aya kumi za kwanza za Mwanzo, dunia ikiwasikiliza. Mwislamu wa kwanza kufika angani, Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, alikwenda Juni 1985. Na aliyekanyaga mwezi akiwa na umri mdogo kuliko wote, Charles Duke, miaka 36, aliacha pale picha ya familia yake Aprili 1972.

Rekodi zilizobaki ni za kupatwa, na nyingine zimetokea juu ya vichwa vyetu. Jua ni pana kuliko mwezi takriban mara 400, na liko mbali takriban mara 400 zaidi. Ndiyo maana vinaonekana sawa na mwezi unaweza kulifunika jua barabara. Mimi nauona hapo mkono wa aliyepima. Tarehe 15 Januari 2010, pete ya jua ilionekana asubuhi Uganda na Kenya, katika kupatwa kwa aina hiyo kurefu kuliko kote kwa milenia hii: dakika 11 na sekunde 8 huko Bahari ya Hindi. Na kupatwa kamili kwa mwezi kurefu kuliko kote karne hii, saa 1 na dakika 43, tulikuona usiku wa 27 Julai 2018, Mirihi nyekundu ikiwa kando.

Watoto huogopa, na hofu hiyo ina dawa ya zamani. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad, watu walisema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu yeyote, akawaamuru waswali.

Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita karibu na Luxor, Misri, na kivuli kitapita Makka. Kenya na Tanzania zitaona sehemu ya jua ikiliwa mchana. Mtoto asilitazame jua kwa macho, hata kidogo. Toboeni tundu dogo kwenye boksi, mwanga uangukie karatasi nyeupe, au mkae chini ya mwembe: kila upenyo kati ya majani utachora jua lililomegwa ardhini, na watoto wote wataliona bila kugombania miwani.